Safari ya Vibambani

Nakuomba tuulizane jambo moja. Mtu akifunga safari kwenda kutazama kijiji alichozaliwa mwandishi mashuhuri, hurudi na faida gani? Au huwa amepoteza nauli yake bure?

Nauliza kwa sababu safari hiyo nimeifanya. Mimi ni mtu wa pwani, lakini riziki yangu Mwenyezi Mungu aliiweka mbali, huku Kituntu, wilaya ya Karagwe, mkoani Kagera. Ni nchi ya vilima, migomba na kahawa. Watoto ninaowasomesha chuoni husema Kinyambo majumbani mwao, na Kiswahili hukipata shuleni na kwangu. Kutoka huku hadi Tanga ni zaidi ya kilomita 1,000.

Nilipokwenda Tanga kuwatazama jamaa, nilitia nia nifike Vibambani, upande wa Machui, alikozaliwa marehemu Shaaban Robert tarehe 1 Januari 1909. Ni kama kilomita 10 kusini ya mji. Tulitoka baada ya sala ya alfajiri, mimi na mpwa wangu, tukaenda kwa miguu. Njiani ni minazi, miembe na mihogo. Mpwa wangu akaniuliza, "Mjomba, ndiko huku? Mbona ni shamba kama mashamba mengine?"

Alisema kweli. Udongo wa Vibambani haukumpa Shaaban Robert kitu ambacho haukuwapa jirani zake. Alichopata ni watu waliompa nafasi. Wazee wake, ambao asili yao ni Wayao, walimwacha aende kusoma Dar es Salaam, na huko alikaa tangu 1922 hadi 1926. Kisha akawa karani wa forodha Pangani. Ukarani ulimlisha, na kalamu akaishika kwa jitihada yake mwenyewe, hata akaacha vitabu zaidi ya 20. Leo mtu akitaka mfano wa Kiswahili safi, huambiwa amsome huyo mtoto wa shamba, mjukuu wa Wayao.

Nilipokuwa nikimweleza mpwa wangu hayo, ndugu msomaji, miguu yangu ikawa mizito. Nilimkumbuka mtoto mmoja wa Kituntu.

Miaka mingi nyuma mwanafunzi wangu aliniletea daftari. Alikuwa ametunga beti kadhaa. Mizani ilipungua, na vina viligongana. Nilimsomea beti zake mbele ya wenziwe, nikacheka, nikamwambia kwamba ushairi ni wa watu wa pwani, yeye mtoto wa migombani atauweza wapi? Alilipokea daftari lake kwa mikono miwili, kwa adabu, akaenda kuketi. Hakuniletea tena.

Katika kitabu cha Kusadikika, kilichotoka mwaka 1951, Shaaban Robert alimweka mtu aitwaye Karama, ambaye anashitakiwa kwa kosa la kuwafundisha watu elimu ya sheria. Mshitaki wake ni waziri, na jina lake Majivuno. Kitabu hicho nimekisoma mara nyingi, na kila mara nilijihesabu upande wa Karama. Siku ile, katika njia ya Vibambani, nilijiona upande wa pili.

Pengine utasema kuwa mwalimu ana wajibu wa kusahihisha. Naam, wajibu huo anao. Lakini kusahihisha ni kumwonyesha mtoto mahali alipokosea ili ajaribu tena. Mimi nilimwonyesha kwamba hakustahili kujaribu. Elimu ni amana, na aliyepewa amana hana ruhusa ya kuwachagulia watu wa kuirithi kwa makabila yao.

Shaaban Robert alifariki Juni 1962, akazikwa huko huko kwao. Nilimwombea rehema, tukarejea mjini.

Niliporudi Kituntu nilimngoja yule mwanafunzi baada ya sala ya Ijumaa. Sasa ni mtu mzima, ana watoto na shamba la kahawa. Nilimtaka radhi. Akanishika mkono, akasema, "Sheikh, hayo yamepita, nimekusamehe." Nikamuuliza kama bado anatunga. Akatabasamu, akasema hapana. Msamaha nimeupata, lakini zile beti ambazo angeziandika miaka yote hiyo hakuna awezaye kunirudishia.

Basi hilo ndilo jibu langu, ndugu msomaji. Kwenda kutazama alikozaliwa mwandishi si ibada wala si dhambi; faida yake ni lile jambo ambalo safari inakutuma ukalitengeneze kwako. Na huenda huna haja ya nauli. Mtoto wako au wa jirani akija na karatasi yenye makosa, mkaribishe aketi, isome yote, umsahihishe kwa upole, kisha umwambie alete nyingine.

Wabillahi tawfiq.