Rangi ya Gari Kuukuu: Sitara au Hila?

Wahenga walipousema uzuri wa mkakasi, kwamba ndani ni kipande cha mti, hawakuwa wamepata kuliona gari. Hata hivyo, methali yao hurudi kila siku katika gereji za mitaani, pale mwenye gari kuukuu anaposimama na fungu lake dogo mkononi, kulia kwake fundi rangi, kushoto kwake fundi wa kuchomelea, na fedha alizonazo zamtosha mmoja tu. Swali linalomkabili huonekana kuwa la hesabu. Kwa hakika ni swali la maadili, nalo ni kongwe kuliko gari lolote: ni ipi haki ya kinachoonekana, na ni ipi haki ya kisichoonekana, iwapo mali haitoshi kuvitimizia vyote viwili?

Hapana gari linaloliweka swali hilo wazi kama Land Rover ya zamani. Gari hilo lilioneshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948, wakati ambapo Uingereza ilikuwa ingali katika dhiki iliyoletwa na vita, na chuma kilikuwa kikitolewa kwa mgao. Alumini ilipatikana kwa wepesi zaidi. Kwa hivyo sehemu kubwa ya bodi ikafanywa kwa aloi ya alumini. Chini yake, hata hivyo, ukawekwa uti wa mgongo wa chuma, ndio chasisi, uliotengenezwa kwa mabati yenye unene wa takriban milimita 2 yaliyounganishwa yakawa mfano wa sanduku refu lenye uwazi ndani. Mpango huo uliendelea katika Series II ya mwaka 1958, katika Series III iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1971 hadi 1985, na hata katika Defender, ambayo ya mwisho ya ukoo ule wa kale ilitoka kiwandani Solihull tarehe 29 Januari 2016.

Matokeo ya dhiki ile ni kiumbe cha ajabu: gari ambalo uso wake ni mgumu wa kuoza kuliko mifupa yake. Alumini haishiki ile kutu nyekundu. Huweza kuutazama upepo wa bahari kwa miaka arubaini, rangi yake ikapauka na kubambuka, bati lenyewe likabaki zima. Inapoharibika, aghalabu huharibika pale inapogusana na chuma penye maji ya chumvi, ikageuka unga mweupe. Chasisi nayo huliwa kutoka ndani. Maji, tope na chumvi huingia katika ule uwazi, vikakaa, na kutu ikafanya kazi yake gizani, mpaka siku moja nje inapotokea tundu dogo ambalo ndilo mwisho wa kazi hiyo, wala si mwanzo wake. Kwa hivyo mwenye Land Rover anayezipeleka fedha zake zote kwenye rangi huzitia pale penye haja ndogo, akapaacha penye haja kubwa.

Na uchukuliwe mfano wa mtu wa pwani ya mashariki ya Unguja, huko ambako kilimo cha mwani kilishika mizizi mwishoni mwa miaka ya 1980 na ambako wakulima wengi wake ni wanawake. Mtu huyo ana Series III yenye umri wa karibu nusu karne. Bamvua linapokupwa, hulishusha gari lake mpaka penye mchanga mgumu, likapakiwa magunia ya mwani mbichi, na wanawake wawili watatu wakapanda nyuma juu ya magunia. Maji ya chumvi huchuruzika njia nzima, yakapita katika viungo vya bodi na kuingia katika chasisi. Sasa binti yake ataolewa baada ya miezi mitatu. Watu watakuja kutoka mjini, na gari hilo ndilo litakalowapokea. Rangi yake imekwisha, milango ina mabaka, na mkewe amekwisha kumwambia neno ambalo si la kudharauliwa: wageni hawatoinama kutazama chini ya gari. Fundi wa kuchomelea, aliyeinama akatazama, alikuwa na neno lake pia: "Mzee wangu, juu pazima. Chini hapana kitu."

Ni wepesi kumhukumu mama yule kuwa ametekwa na fahari. Hukumu hiyo ni ya haraka na si ya haki. Tajiri mwenye gari lililopauka huambiwa kuwa ni mnyenyekevu. Maskini mwenye gari kama hilo huambiwa kuwa ni mchafu. Macho ya watu hayampi kila mmoja mizani ile ile, na mwenye kichache hujua kuwa kichache hicho kitapimwa kwa sura yake kabla ya kupimwa kwa kazi yake. Isitoshe, uzuri nao ni haja ya nafsi. Mvuvi huupaka rangi upande wa ngarawa yake na kuiandika jina, wala samaki hawajali. Aliyesema kwamba fukara hana haki ya kitu kizuri mpaka kwanza amalize vyote vya lazima amemnyima uzuri umri mzima, kwani vya lazima kwa fukara havimaliziki.

Tena, Uswahilini kufunika si dhambi. Lugha yenyewe inalo neno sitara, nalo ni neno la heshima: sitara ya nguo, sitara ya nyumba, sitara ya aibu ya jirani ambayo mtu ameiona akanyamaza. Lakini lugha hiyo hiyo inalo neno hila. Mambo yote mawili hufunika, na kwa mbali hufanana. Basi ni kipi kinachoyatenganisha?

Jibu moja lapatikana ufukweni, mahali ambapo vyombo hupandishwa kwa ukarabati. Chombo cha mbao hupakwa sifa, yale mafuta ya papa, na chini yake kikapakwa shahamu iliyochanganywa na chokaa, ili kukikinga na maji na wadudu walao mbao. Lakini kabla ya yote hayo hutazamwa mbao moja moja. Iliyooza hutolewa, na nyufa zikatiwa kalafati. Mwenye kupaka shahamu juu ya ufa hakukisitiri chombo. Amewaficha abiria kaburi lao. Hapo pana kipimo: sitara ni kifuniko kinachokitumikia kile kilichofunikwa, na hila ni kifuniko kinacholitumikia jicho la mtazamaji huku kilichofunikwa kikiachwa kiangamie.

Nyumba za Mji Mkongwe, ambao uliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia mwaka 2000, zinatoa ushahidi mwengine. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na udongo wa chokaa, na kuta za namna hiyo hunywa unyevu na kuutoa. Zilipopigwa lipu ya saruji na rangi za plastiki, nyingi zilipendeza kwa muda. Kisha unyevu, uliokosa pa kutokea, ukaanza kuzila kwa ndani. Nia ya waliozipaka huenda ikawa njema. Nia njema haikuwa badala ya kukijua kitu kinachopakwa.

Jambo ambalo wengi hawalijui kuhusu rangi ya gari ni kwamba, ikifanywa kama ipasavyo, hiyo yenyewe hupambana na uongo. Sehemu kubwa ya kazi ya fundi rangi hodari hufanyika kabla ya kopo la rangi kufunguliwa. Vitu hufunguliwa: taa, vitasa, raba za vioo. Rangi ya zamani hukwanguliwa na kupigwa msasa, puti ya mafundi waliotangulia ikabanduliwa, na kila bonde na kila tundu likadhihiri. Alumini haipokei rangi ya kawaida ikaishika. Hutakiwa isafishwe mafuta, kisha ipakwe praima maalumu yenye asidi kidogo. Anayezipita hatua hizo kwa kuokoa fedha huiona rangi yake ikibanduka baada ya mvua za masika. Kazi ya rangi, basi, ni mfano wa kukiri makosa: hudai kwanza kila aibu itazamwe. Rangi ya haraka, inayopulizwa juu ya uchafu, ndiyo iliyo ndugu wa uongo.

Uzito wa jambo hudhihiri zaidi gari linapouzwa. Wako wanaoipaka chasisi lami nyeusi wiki moja kabla ya mnunuzi kuja, ikang'aa kama mpya, na chini ya lami pana matundu yaliyozibwa kwa puti. Mnunuzi mjuzi huchukua nyundo ndogo akaigonga chasisi polepole; chuma kizima hujibu kwa sauti kavu, na kilicholiwa hujibu kwa sauti ya debe. Lakini haki haipasi kuwa ya wajuzi peke yao. Sheria ya Kiislamu, ambayo watu wa pwani wameishi nayo karne nyingi katika biashara zao, humpa mnunuzi khiyari ya kukirejesha kitu akigundua aibu iliyokuwamo kabla ya kuuziwa. Msingi wake ni mwepesi kufahamika: aibu iliyotajwa ni sehemu ya bei, na aibu iliyofichwa ni wizi. Lami juu ya chuma kizima ni sitara. Lami hiyo hiyo juu ya tundu ni hila. Kopo ni moja.

Kama rangi inavyoweza kudanganya, na maboresho pia huweza. Wenye magari ya porini hupenda matairi makubwa, springi ndefu za kuliinua gari, ngao ya chuma mbele, winchi, na keria ya kubebea mizigo juu ya paa. Kila kimoja kina kazi yake, na kila kimoja kina deni lake. Tairi kubwa huitwika shafti ya ekseli mzigo ambao haikuundiwa, na huzifanya breki zile zile zisimamishe uzito zaidi. Gari lililoinuliwa, na mizigo juu ya paa, hupinduka kwa wepesi zaidi. Anayeyatia hayo yote juu ya chasisi iliyoliwa amemvisha mgonjwa deraya. Kuboresha kitu kikongwe huanza kwa kuuondoa udhaifu wake, kisha ndipo nguvu iongezwe. Kwa mwenye fungu dogo, mpangilio wajileta wenyewe: chasisi, breki na mabomba yake, usukani, matairi, taa, kisha kuziba panapovuja maji, kisha rangi.

Mpangilio huo una sababu isiyokuwa ya kiufundi. Rangi humhusu mwenye gari na watazamaji wake. Breki zinawahusu wale wanawake walioketi juu ya magunia, ambao hawakuulizwa, ambao hawawezi kuinama wakatazama, na ambao hupanda kwa kuwa wamemwamini mwenye kuendesha. Panapokutana haki ya jicho na haki ya uhai, ya pili hutangulia, hata kama anayeidai hajui kuwa anadai. Mwenye gari ndiye pekee aliyelisikia neno la fundi, na kulisikia kwake kumempa jukumu ambalo jana hakuwa nalo.

Je, binti aolewe na gari lenye mabaka? Hapa Land Rover, iliyoleta taabu, huleta na faraja. Bodi zake ni mabati yaliyo bapa sehemu nyingi, na kwa miongo mingi zile za majeshi zimekuwa zikipakwa rangi kwa brashi ya mkono, wala hapana aliyezicheka. Mtu akishaulipia uchomeleaji na breki, bado huweza kununua makopo machache ya rangi ya mafuta, msasa, praima na brashi njema, akaifanya kazi hiyo mwenyewe pamoja na wanawe chini ya mwembe, siku zisizo na vumbi wala mvua. Haitong'aa kama iliyopulizwa gereji. Mistari ya brashi itaonekana kwa atakayesogea karibu. Kitakachokosekana ni mng'aro, wala si heshima.

Siku ya harusi, wageni wa mjini wataliona gari la kijani lililopakwa kwa mkono, safi, lenye alama za brashi mlangoni. Baadhi watasema kuwa mwenyewe amebana matumizi, nao watakuwa wamesema kweli. Hawatoyaona mabati mapya yaliyochomelewa chini, wala mabomba mapya ya breki. Bamvua lijalo, wanawake watapanda tena juu ya magunia, na mzee, akijua maji ya chumvi hayana msamaha, kila arudipo atalimwagia gari maji ya kisima chini, mahali ambapo hapana atakayepatazama.