Ubora wa Shujaa wa Ngumi Hupimwa kwa Mizani Gani?

Katika mambo ambayo watu hubishana usiku kucha pasipo kuafikiana, moja ni hili: nani alikuwa bora kuliko wote katika mabingwa wa ngumi? Ubishi huu una watu wake Nairobi na Nakuru, Kampala na Kinshasa, na hata huku Kikoneni, ambako minazi ni mingi kuliko ulingo. Vijana wakiketi chini ya mkorosho, mmoja husema, "Fulani katika siku za ubora wake angempiga yeyote." Mwenzake hutaja jina jingine, na kiapo kile kile. Ewe msomaji, nakuomba uyatazame pamoja nami maneno haya, "siku za ubora wake", maana uzito wote wa ubishi umefichwa ndani yake.

Maneno hayo hutaja wakati ule mfupi ambapo nguvu, wepesi na akili ya mpiganaji hukutana katika mwili mmoja. Kabla ya wakati huo ana nguvu lakini hana maarifa; baada yake ana maarifa lakini miguu imekwisha kumwasi. Na sisi watazamaji hufanya jambo la ajabu. Humpa shujaa wetu siku yake iliyo njema kuliko zote, kisha humpa shujaa wa jirani siku yake ya kawaida, tukatangaza mshindi. Hiyo si mizani. Ni mkono wa mchuuzi uliokandamiza kitanga kimoja.

Fikiri juu ya wakwezi wawili wa Kikoneni. Mmoja alisifiwa zamani, wa pili anasifiwa leo. Ukiniuliza yupi hodari, nami nitakuuliza: walipanda minazi ya urefu gani, kwa kamba gani, na katika upepo wa msimu gani? Lakini mkwezi ana nafuu, kwa kuwa mnazi haumrudishii konde. Mpiganaji hupimwa na mtu mwingine, na mtu huyo naye ana siku zake za ubora na siku zake za kuchakaa. Kipimo chenyewe kinakua na kuzeeka.

Mtazame Muhammad Ali wa Marekani. Alitwaa ubingwa wa dunia mwaka 1964. Mwaka 1967 alinyang'anywa kwa sababu alikataa kuingia jeshini wakati wa vita vya Vietnam, na hakupigana tena mpaka Oktoba 1970. Wajuzi wengi husema ubora wake uliishia hapo, kwani miguu iliyorudi ulingoni haikuwa ile iliyoondoka. Lakini pambano ambalo Afrika humkumbuka kwalo ni la Kinshasa, tarehe 30 Oktoba 1974, alipokuwa na umri wa miaka 32. Alijiegemeza kwenye kamba, akamwacha George Foreman ampige mpaka achoke, kisha akamwangusha katika raundi ya nane. Je, Ali wa 1967 angeshinda kwa njia ile? Nadhani asingeijua. Kijana asiyepigika hana haja ya kujifunza kustahimili. Basi ubora wa Ali ulikuwa lini, ule wa miguu au ule wa akili? Na Foreman mwenyewe, aliyeonekana amekwisha usiku ule, aliupata tena ubingwa wa dunia Novemba 1994, akiwa na miaka 45.

Sasa tuje nyumbani. Philip Waruinge alikuwa bingwa wa Michezo ya Jumuiya ya Madola mara mbili, mwaka 1966 huko Kingston na mwaka 1970 huko Edinburgh. Katika Olimpiki ya Mexico ya mwaka 1968 alishindwa katika nusu fainali na Antonio Roldán, mwenyeji, akapata nishani ya shaba. Lakini waamuzi wa michezo ile ile walimpa Kombe la Val Barker, ambalo lilikuwa likipewa mpiganaji aliyewashinda wenzake wote kwa ustadi. Mtu wa shaba akahesabiwa stadi kuliko watu wa dhahabu! Ukiona hivyo utafahamu kwamba hata wale ambao kazi yao ni kupima walikuwa na mizani miwili mkononi kwa wakati mmoja. Mwaka 1972 huko Munich aliongeza nishani ya fedha.

Robert Wangila yeye aliipata dhahabu yenyewe, Seoul, mwaka 1988, na mpaka leo ni Mkenya wa pekee aliyeipata kwa ngumi katika Olimpiki. Alimwangusha Mfaransa Laurent Boudouani katika raundi ya pili ya fainali. Baadaye wote wawili waliingia katika ngumi za kulipwa, na aliyeangushwa ndiye aliyekuwa bingwa wa dunia, mwaka 1996. Wangila hakuwako kuyaona hayo. Julai 1994, huko Las Vegas, mwamuzi alilisimamisha pambano lake, naye akalalamika kwamba angali na uwezo wa kuendelea. Muda si mrefu alizirai, akafa akiwa na miaka 26.

Hapo ubishi wa chini ya mkorosho huacha kuwa mchezo. Nani alimfundisha kijana yule kwamba kusimamishwa ni aibu? Simtaji mtu, lakini sisi tunaopima mashujaa hatuna mikono mitupu. Tunaposema kwamba fulani hakuwa mkubwa kwa sababu aliacha mapema, au kwamba fulani alikuwa simba kwa sababu hakukubali kuacha, maneno yetu husafiri mbali kuliko tunavyodhani. Mvulana wa miaka 15 huyasikia na kuyahifadhi. Mimi husema kwamba mwamuzi aliyeingia kati siku ile alikuwa amefanya kazi ya heshima, na kwamba katika kuhesabu ubora wa Wangila, raundi ile ya mwisho isihesabiwe kabisa, kwa sifa wala kwa lawama.

Mtu wa mwisho ninayemtaja ndiye mgumu kuliko wote kumpima. Stephen Muchoki alipigana katika uzani mdogo kabisa wa zama zake, kilo 48. Alikuwa bingwa wa Jumuiya ya Madola mwaka 1974. Mwaka huo huo, katika mashindano ya dunia ya ngumi za ridhaa huko Havana, alifika fainali akashindwa na Jorge Hernández wa Kuba, aliyekuwa kwao. Mwaka 1978 huko Belgrade Muchoki akawa bingwa wa dunia. Hesabu, msomaji: ubora wake ulikaa katikati ya miaka ile. Lakini Kenya ilisusia Olimpiki ya mwaka 1976 kwa ajili ya uhusiano wa New Zealand na Afrika Kusini ya ubaguzi, ikasusia tena ya mwaka 1980. Sisemi kwamba kuupinga ubaguzi kulikuwa kosa. Nasema gharama yake ililipwa na vijana ambao hawakuulizwa. Alipoupigania ubingwa wa ngumi za kulipwa mwaka 1982, akashindwa na Santos Laciar wa Argentina, miaka ile minne ya Belgrade ilikuwa imekwisha kupita juu ya miguu yake.

Wanaotaja orodha za nishani humruka Muchoki, na orodha haiwezi kuwasahihisha. Dhahabu ya kilo 48 huko Montreal mwaka 1976 ilivishwa shingoni mwa Jorge Hernández, yule yule wa Havana. Labda angemshinda Muchoki tena, labda asingemshinda. Yeyote atakayeketi kubishana juu ya mabingwa wa Afrika Mashariki, na aanze na pambano hilo ambalo halikupiganwa, kabla hajataja jina lolote kubwa.