Je, Kazi Hupewa Sura?



Tangazo la kazi likibandikwa ubaoni hapa makazini, vijana wetu huanza kuhangaika. Mmoja anatafuta vyeti, mwingine anaazima shati, na mwingine ananunua krimu ya kung'arisha ngozi. Huyu wa mwisho nani alimfundisha kwamba kazi hupewa ngozi? Ameona mwenyewe. Ameona nani anawekwa mapokezi na nani anaambiwa, "Utaitwa." Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kutafuta ajira, lakini sheria haioni kilicho moyoni mwa yule anayeuliza maswali.

Basi tujiulize: je, ni haki kumpa au kumnyima mtu kazi kwa ajili ya sura yake?

Kwanza tutofautishe unadhifu na sura. Kuoga, kufua na kuchana nywele, mtu aweza kuyafanya hata akiwa na shati moja tu. Mwajiri akiyadai, hamwonei mtu. Lakini urefu, rangi, umbo la pua, kovu la moto, mguu uliopotea vitani, hayo hakuna aliyeyachagua. Na katika makazi yetu wenye makovu si wachache.

Wengine watasema: mwenye hoteli afanyeje, ikiwa wateja wanapenda kuhudumiwa na mtu mzuri? Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini methali hiyo ni ya bidhaa, na mtu si bidhaa. Tena, wachumi wawili wa Marekani, Daniel Hamermesh na Jeff Biddle, walichapisha uchunguzi mwaka 1994 juu ya wafanyakazi wa Marekani na Kanada. Waliona kwamba wanaohesabiwa kuwa na sura isiyopendeza hupata mshahara pungufu kwa asilimia 5 hadi 10 kuliko wenye sura ya kawaida. Na tofauti hiyo haikuwa kwa wanaokutana na wateja tu. Ilionekana hata katika kazi ambazo sura haisaidii kitu. Kwa hiyo tusiwasingizie wateja peke yao.

Naye aliyeajiriwa kwa uzuri asidhani amepona. Binti aliyechaguliwa kwa macho, bosi wake huenda asiishie kwenye macho. Na siku atakapougua au kuzeeka, ataambiwa nini?

Sisi watu wa Maziwa Makuu tunajua njia hii inafika wapi. Wabelgiji walipotawala Ruanda-Urundi, katika miaka ya 1920 na 1930, walishika fundisho kwamba warefu wenye pua nyembamba wamezaliwa ili watawale. Wakawaondoa machifu Wahutu, vyeo wakawapa Watutsi, na huko Rwanda kabila likaandikwa kwenye kitambulisho. Waliopimwa, wa upande huu na wa upande ule, hawakuomba kupimwa. Katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, watu walisimamishwa kwenye vizuizi vya barabarani, na asiye na kitambulisho aliweza kuhukumiwa kwa urefu wake na pua yake. Hatusemi kwamba mwenye hoteli ni muuaji. Tunasema kwamba kumpima mtu kwa umbo lake si jambo dogo, hata likianza kwa tabasamu.

Nabii Samweli naye alijaribiwa hivyo. Alipomwona Eliabu, alidhani amempata mfalme, lakini Mungu alimkataza kutazama umbo na kimo (1 Samweli 16). Tukumbuke pia kwamba sura hiyo hiyo ya Biblia inasema Daudi alikuwa mzuri wa uso. Basi uzuri si dhambi, wala haumzuii mtu kupata kazi. Kosa ni kuufanya uwe sababu.

Tufanye nini? Huko Marekani, tangu miaka ya 1970, okestra nyingi zilianza kuwasikiliza waombaji wakiwa nyuma ya pazia. Wasikilizaji hawakujua anayepiga ni mwanamume au mwanamke, mweupe au mweusi. Walisikia muziki tu. Sisi hatuna pazia, lakini twaweza kutanguliza kazi. Anayetaka ukalimani, apewe kwanza barua aitafsiri. Anayetaka ushonaji, ashone. Anayetaka kutunza ghala, ahesabu magunia. Ndipo tumtazame usoni.

Tuanze na nyumba ya Bwana. Ni nani tunaowaweka mlangoni kupokea wageni? Ni nani anayesimamishwa mstari wa mbele katika kwaya, na nani anafichwa nyuma ingawa sauti yake ni nzuri kuliko zote? Yakobo sura ya 2 inalikemea kusanyiko linalomkalisha vizuri mwenye pete ya dhahabu na kumwambia maskini akae chini. Wazee na viongozi wa vikundi walitazame jambo hili kabla ya kuchagua tena wahudumu.

Nanyi vijana, msiichome ngozi yenu. Krimu zenye zebaki hudhuru figo, na figo zikiharibika hata hiyo kazi hutaifanya. Wazazi, waambieni watoto wenu maneno haya nyumbani, hasa mtoto mwenye kovu. Asisubiri kuyasikia kwa mtu mwingine.