Aliyechukua Picha ya Kikapu Amechukua Nini?

Katika toleo hili tumependa kulitazama swali ambalo kina mama wanaosuka vikapu wametuuliza zaidi ya mara moja, nalo limewagawanya watu. Swali lenyewe ni hili: mtu akichukua picha ya kikapu ulichokisuka wewe, akaiweka kwenye ukurasa wake wa Facebook na kutafutia wateja, je, ameiba? Na kama ameiba, ameiba nini, maana kikapu chenyewe bado kimetundikwa ukutani nyumbani kwako?

Wako wanaosema kwamba huo si wizi, kwa kuwa mwizi huacha pengo, na hapa hakuna pengo. Wako wanaosema ni wizi kama ule wa kuku au baiskeli. Tena wako wanaosema kwamba mkimbizi hana mahali pa kwenda kushtaki, basi tusamehe na tunyamaze. Tumeyasikiliza mawazo haya yote, na tunapenda kuyapima pamoja nanyi.

Jambo lenyewe lilivyo

Tuseme kuna mama anayesuka kwa ukindu na nyuzi za mgomba. Huchovya ukindu katika rangi, huuanika, na jioni akitoka shambani hukaa na sindano yake. Kikapu kimoja chenye mfuniko chaweza kumla wiki nzima. Kijana wa jirani mwenye simu nzuri humpigia picha asubuhi, kabla jua halijawa kali, nayo picha hutumwa katika vikundi vya WhatsApp. Baada ya miezi kadhaa ndugu yake aliye mji mwingine anamtumia picha ileile, safari hii ikiwa chini ya jina la duka asilolijua, na bei ni mara tatu ya bei yake. Halafu inafuata habari iliyo mbaya zaidi. Mnunuzi mmoja alilipa duka hilo pesa, akaletewa kitu cha plastiki kilichofumwa ovyo. Akatafuta, akaiona picha ileile kwa yule mama, akamwandikia kwamba ninyi wakimbizi ni matapeli.

Mambo ya namna hii yamewapata watu wetu. Hatutataja majina, ya waliotendewa wala ya waliotenda, maana nia yetu si kumwaibisha mtu bali kujifunza.

Je, ni kweli hakuna kilichopotea?

Tufikiri kwanza kazi ya picha ni nini. Mtu akija sokoni kununua kikapu, hakitazami kwa macho tu. Hukibonyeza kwa vidole, hukipindua aone kitako, huvuta ukingo aone kama nyuzi zimekazwa, tena humtazama usoni anayekiuza. Mnunuzi aliye Kampala, Nairobi au Ulaya hana nafasi hiyo. Yeye anayo picha tu. Kwa hiyo picha imewekwa mahali pa vidole vyake na pa macho yake. Picha inamwambia: "Kikapu hiki kipo, na mikono iliyokifanya inajua kazi." Kwa kifupi, picha ni shahidi.

Sasa mtu anayeichukua picha hiyo na kuiweka juu ya bidhaa nyingine, amemchukua shahidi wa mwenzake na kumlazimisha aseme uongo katika kesi asiyoijua. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Siku hizi kibaya kimepata njia nyingine: kinavaa sura ya kizuri, nacho kinajiuza.

Sisi tuliozoea kuzihesabu amri kumi tungesema hivi: watu wengi wanaitafuta dhambi hii katika amri ya nane, ile ya wizi, na wasipoona kitu kilichotoweka wanadhani hakuna kosa. Lakini twaona ingetafutwa kwanza katika amri ya tisa, ile ya ushuhuda wa uongo. Hapo pengo linaonekana wazi. Kilichopotea ni kuaminika kwa yule mama. Tangu siku ile, akionyesha picha ya kikapu chake cha kweli, mnunuzi anajiuliza kama naye si tapeli. Mtu aliyekimbia nchi yake aliacha nyumba, shamba na mifugo. Huku alikofika, jina jema ni moja ya mali chache alizoweza kuanza kuzijenga tena. Likichafuliwa, hakuna soko la kulinunua.

Kuiga kazi si kuiba picha

Hapa yatupasa kutofautisha, ili tusiwahukumu watu bure. Mama akimwona jirani yake anasuka nyota au msumeno kwenye ubavu wa kikapu, akajifunza, akausuka mwenyewe kwa ukindu wake na jasho lake, hapo sisi hatuoni wizi. Mitindo mingi tunayojivunia tuliipokea kwa bibi zetu, na bibi zetu waliipokea kwa majirani. Ususi umeishi kwa sababu watu waliangaliana mikono. Mama anayejifunza mtindo, mnunuzi wake hupata kikapu alichokiona. Hakudanganywa.

Tofauti basi si kufanana. Tofauti ni kwamba mmoja anaonyesha kazi ya mikono yake hata kama ameiga, na mwingine anaonyesha kazi ya mikono ya mtu mwingine akisema ni yake.

Je, tusamehe na kunyamaza?

Swali hili ndilo gumu, na ndilo linalowasumbua waumini wetu. Tumefundishwa kusamehe, nasi hatupunguzi fundisho hilo hata kidogo. Lakini tuangalie: ni nani aliyekosewa? Mama mwenye kikapu amekosewa, ndiyo. Yeye akiamua kusamehe faida aliyoikosa, ana haki hiyo, kwa maana deni ni lake. Lakini yupo mwingine aliyekosewa, naye ni mnunuzi. Na baada yake yuko mnunuzi wa kesho, ambaye bado hajatoa pesa. Deni la hao si letu, na mtu hawezi kusamehe deni ambalo si lake.

Kwa hiyo kusamehe ni jambo moja na kunyamaza ni jambo lingine. Mama aweza kusema moyoni, "Simdai mtu huyu," na siku hiyohiyo akaandika, "Picha hii ni ya kikundi chetu, duka hili haliuzi vikapu vyetu." Maneno haya mawili hayapigani. La kwanza linaondoa chuki. La pili linamlinda mtu asiyejua.

Lakini kusema nako kuna utaratibu wake. Kwanza mwandikie mhusika faraghani na kumwuliza. Huenda alitaka kuwauzia watu vikapu vyako kwa faida yake, akakosea kwa kutokuomba ruhusa, na mtu wa namna hiyo aweza kuwa mteja wako. Akinyamaza au akikufungia, ndipo useme wazi, ukisema lile tu unalolijua. Usiongeze chumvi, wala usiwaite vijana mia moja wamtukane. Atakayepigania ukweli kwa uongo amejiunga na yule anayempinga.

Sheria inasemaje

Wako wanaodhani sheria haimjui mkimbizi katika mambo haya. Si kweli kabisa. Mkataba wa Berne, ulioanzishwa mwaka 1886 na kurekebishwa mara kadhaa, unahesabu picha kuwa kazi inayolindwa, kwa muda usiopungua miaka 25 tangu ipigwe, wala hautaki uiandikishe popote ili iwe yako. Hapa Uganda picha zinalindwa na sheria ya hakimiliki ya mwaka 2006, Kenya wanayo ya mwaka 2001, na Tanzania ya mwaka 1999.

Ila kuna neno moja linalowashangaza wengi. Kwa kawaida sheria inasema picha ni ya yule aliyeipiga, wala si ya yule aliyesuka kikapu. Yule kijana wa jirani ndiye mwenye picha. Kama ni mgeni wa shirika aliyepita akapiga, picha ni yake au ya shirika lake. Kwa hiyo vikundi vyetu vingefanya vema kupatana mapema na anayepiga picha, hata kwa karatasi ya mistari mitatu, kwamba picha za kazi ya kikundi ni za kikundi. Na kama uso wa mtu unaonekana, aulizwe kwanza. Wengine kati yetu wana sababu za kutotaka kuonekana, nanyi mnazijua.

Kampuni kama ile ya Facebook iko Marekani, na kwa sheria ya huko ya mwaka 1998 mwenye picha akitoa taarifa iliyo kamili, kampuni huiondoa picha iliyoibwa, la sivyo yaweza kuwajibika yenyewe. Taarifa hiyo hutaka uonyeshe picha yako ni ipi, iliyochukuliwa iko wapi, utie sahihi, na useme kwamba unayosema ni kweli, ukijua kuwa uongo hapo ni kosa kama la kiapo. Basi asithubutu mtu kudai picha ambayo si yake.

Tena hutaka jina lako na namna ya kukupata, na habari hizo zaweza kumfikia yule unayemshtaki. Hapo ndipo mama zetu wengi hurudi nyuma. Mtu aliyekimbia watu waliomtafuta kwa jina lake, leo anaambiwa aandike jina hilo na kulituma asikokujua, kwa ajili ya kikapu. Tusimlaumu akikataa. Je, abaki bila haki? Hapana. Sheria hiyohiyo inaruhusu taarifa itolewe na mtu aliyepewa ruhusa na mwenye haki, kwa niaba yake. Aweza kuwa kiongozi wa kikundi, au ndugu aliyehamia nchi nyingine, au mtu wa kanisa asiye na hofu hiyo. Kubebeana mizigo si kubeba gunia tu siku ya mgao. Hata jina laweza kuwa mzigo, na mwenye jina jepesi aweza kumbebea mwenye jina zito.

Na sisi wenyewe?

Itakuwa aibu kulia juu ya wezi wa mbali na kuwaacha wa karibu. Wako wauzaji katika makazi yetu ambao huenda kwenye intaneti, wakachukua picha ya kikapu kizuri kutoka nchi nyingine, na kusema, "Tunasuka namna hii." Hujitetea kwamba simu yao haina kamera nzuri, au kwamba mnunuzi atakuja kuona mwenyewe. Lakini mnunuzi aliyepanda boda kutoka mjini kufuata picha, akakuta kitu kingine, amelipa nauli kwa uongo. Umaskini waweza kueleza kwa nini mtu alifanya hivyo. Hauwezi kuugeuza uongo kuwa kweli. Na kule picha ilikotoka yuko mama mwingine mwenye sindano yake, ambaye tungempenda kama tungemjua.

Mambo machache ya kufanya

Weka picha ya kwanza, ile iliyo ndani ya simu iliyoipiga. Picha ikitumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa, na habari zilizofichwa ndani yake, kama siku ilipopigwa, huondolewa. Ile ya kwanza hubaki nazo.

Weka jina la kikundi juu ya kikapu chenyewe katika picha, kwa maandishi mepesi, wala si pembeni ambako hukatwa kwa kidole kimoja.

Tangu mwaka 2011 Google inawezesha mtu kutafuta kwa kutumia picha badala ya maneno. Mwombe kijana mwenye ujuzi atafute picha zenu mara moja kwa mwezi, aone zimefika wapi.

La mwisho, piga picha kikapu kikiwa bado hakijakamilika. Piga kitako kilipoanza, kikiwa kama kiganja. Piga tena kilipofika nusu, na mikono ikiwa kazini. Mwizi anayo picha ya kikapu kilichokwisha, lakini hana ya jinsi kilivyoanza. Wafundisheni na wanunuzi wenu kuuliza: "Nipigie picha nyingine, kikapu kikiwa kimepinduliwa." Aliyekisuka atakipindua papo hapo. Aliyechukua picha ya mwenzake ataanza kutoa sababu.

Basi, wapendwa, tumelijibu swali kwa kadiri tulivyoweza. Aliyechukua picha ya kikapu amechukua neno la mtu na kulisemea mahali ambapo mwenyewe hakulisema. Mama zetu wanaotendewa hivyo wasiambiwe kwamba ni jambo dogo. Jumapili baada ya ibada, wenye vikundi waketi pamoja na vijana wenye simu, wapatane juu ya picha, na wachague mtu mmoja atakayeweza kusimama kwa jina lake pale wengine wasipoweza. Tunawatakia nyote kazi njema ya mikono.

Mchungaji wenu