Mwanamke Aliyeeleza Habari Yake Yote



Somo letu ni Marko 5:25–34, habari za yule mama aliyetokwa damu miaka 12. Alihangaika kwa waganga wengi, mali ikamwishia, na hali yake ikawa mbaya kuliko mwanzo. (Luka, ambaye mwenyewe alikuwa tabibu, hilo la hali kuwa mbaya hakulitaja!) Lakini leo sitaki kuwacheka matabibu, maana mimi naishi kwa dawa zao.

Mwaka 1992 nilijifungua mtoto wangu wa mwisho, nikavuja damu nyingi hata nikazimia. Nikaongezewa damu, nikapona, ndivyo tulivyodhani. Lakini maziwa hayakutoka hata tone, na siku zangu za mwezi hazikurudi. Nikawa mtu wa baridi, navaa sweta mchana wa Oktoba, wakati Tabora nzima inatafuta kivuli cha mwembe. Nikifundisha kipindi kimoja kwa kusimama, cha pili nakaa. Kwa miaka 9 niliambiwa ni malaria, ni upungufu wa damu, ni mawazo. Mganga mmoja kijana alisema, bila kuinua macho, kwamba walimu hupenda vyeti vya kupumzika. Dada mmoja katika imani alinishauri nitubu dhambi niliyoificha. Niliitafuta kwa bidii, wapendwa. Nilipata kadhaa, lakini hakuna iliyohusu maziwa.

Nami nilikuwa na kosa langu. Kila nilipofika kwa daktari nilisema tu, "Nimechoka." Habari za uzazi niliona aibu kuzitaja mbele ya kijana wa umri wa wanafunzi wangu. Akisema malaria, naitikia "Ahsante, daktari," naondoka.

Sasa mtazameni yule mama. Yesu anakwenda na Yairo, mkuu wa sinagogi, ambaye binti yake yu karibu kufa. Ni safari ya haraka, ya mtu mkubwa. Yesu anasimama na kuuliza ni nani aliyemgusa. Mama angeweza kujificha katika umati. Alitetemeka, lakini alijitokeza akaeleza yote, na ugonjwa wenyewe ni wa aibu, mbele ya wanaume. Yesu akamsikiliza, Yairo akingoja, kisha akamwita binti.

Wengine watasema kumpinga mkubwa ni kukosa adabu. Oktoba 1873, hapa kwetu Kwihara, Susi na Chuma walifika wakiuchukua mwili wa Livingstone. Cameron, ofisa Mwingereza aliyekuwapo, aliwashauri wauzike hapa hapa. Hawakukubali. Wakaendelea na safari, na Februari 1874 wakaufikisha Bagamoyo.

Mwaka 2001 niliandika yote katika daftari, kuanzia usiku ule wa kujifungua, nikapanda treni kwenda Mwanza. Daktari wa hospitali ya rufaa naye alianza na upungufu wa damu. Nikasema, "Samahani, daktari. Kabla hujaandika, naomba usome ukurasa wa kwanza." Akasoma. Akaniuliza, "Mama, mtoto huyu ulimnyonyesha?" Miaka 9, hakuna aliyeniuliza hilo.

Vipimo vya homoni vikaonyesha. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo inayoziamuru tezi nyingine, ya shingoni, za juu ya figo na za uzazi. Wakati wa mimba huwa kubwa na kuhitaji damu nyingi. Mama akivuja damu kupita kiasi, huweza kufa. Ugonjwa huu huitwa kwa jina la Sheehan, daktari Mwingereza aliyeueleza mwaka 1937. Ni wa nadra, lakini penye akina mama wanaovuja damu wakijifungua bado upo. Nameza vidonge kila siku, wala sithubutu kuviacha ghafla. Nikipata homa naongeza kama nilivyoelekezwa. Sweta nilimpa mjukuu.

Daftari lile ninalo bado. Alhamisi, baada ya kikao cha akina mama, huwa nabaki kanisani. Dada mwenye habari anayoona aibu kuiandika, na aje. Kalamu ninayo, na mwandiko wangu bado unasomeka.