Nyangumi Mweupe, na Swali la Jeraha



Mtu akipatwa na msiba, swali la kwanza litokalo kinywani mwake mara nyingi ni hili: "Ni nani aliyenitenda hivi?" Haulizi, "Ni nini?" Auliza, "Ni nani?" Swali hilo husikika Handeni mvua zikikatika na mahindi kunyauka kabla ya kubeba. Husikika Korogwe mtoto akishikwa na homa jioni, naye asifikie mapambazuko. Jeraha hutafuta uso wa kupiga. Leo nataka kuwapa habari za kitabu kimoja kikubwa kilichotungwa juu ya jambo hili, ingawa mambo yake yote hutendeka baharini, mbali na mashamba yetu.

Kitabu hicho chaitwa Moby-Dick. Mtungaji wake ni Herman Melville, mtu wa Marekani, aliyezaliwa New York mwaka 1819. Alipokuwa kijana wa miaka 21, katika Januari 1841, alisafiri katika merikebu ya wawinda nyangumi iitwayo Acushnet, akaijua kazi ile kwa mikono yake mwenyewe. Kitabu chake kilitoka mwaka 1851. Watu wa siku zile hawakukijali sana, na mtungaji alipokufa mwaka 1891 alikuwa karibu amesahauliwa. Walakini leo chahesabiwa miongoni mwa vitabu vikuu vya dunia. Kina sura 135, tena nyingine ni nzito. Mwenye kukisoma hana budi kuwa na subira.

Yafaa kwanza tujue kazi yenyewe ilikuwaje. Kabla mafuta ya taa hayajaanza kuchimbwa kwa wingi huko Marekani, tangu mwaka 1859, taa nyingi za Ulaya na Marekani ziliwaka kwa mafuta ya nyangumi. Kwa ajili ya mafuta hayo merikebu zilizunguka bahari zote, miaka mitatu au minne pasipo kurudi kwao. Nyangumi akionekana, mabaharia walishusha mashua, wakavuta makasia mpaka ubavuni pake, wakamchoma kwa chusa kilichofungwa kamba ndefu. Ndipo mnyama alipokimbia akiwaburuta, au aliwageukia akaivunja mashua vipande vipande.

Wala msidhani kwamba kazi hiyo haikufika kwetu. Seyyid Said alifanya mkataba na Marekani mwaka 1833, na mwaka 1837 balozi wao akakaa Unguja. Hata jina la nguo ya merikani, ambayo babu zetu wa bara waliijua, latokana na biashara ile. Pamoja na merikebu za biashara zilikuja na za wawinda nyangumi. Mmoja wa mabaharia wao, J. Ross Browne, aliiacha merikebu yake Unguja, na mwaka 1846 akatoa kitabu cha safari yake, chenye habari za kisiwa kile na za mateso ya mabaharia chini ya nahodha mkali. Melville alikisoma, na mwaka 1847 akaandika maoni yake juu yake katika gazeti la New York. Basi, kabla ya kutunga habari ya nahodha wake, alikwisha kusoma habari za pwani yetu. Nyangumi wenyewe bado wapo: kila mwaka, yapata Julai hata Novemba, nyangumi wenye nundu hupita pwani ya Tanzania pamoja na ndama wao.

Sasa tuitazame hadithi. Merikebu yaitwa Pequod. Nahodha wake ni Ahab, mwenye jina la yule mfalme mbaya wa Israeli. Katika safari iliyotangulia, nyangumi mmoja mweupe, ambaye mabaharia wamempa jina la Moby Dick, alimkata mguu, na sasa Ahab atembea kwa mguu uliochongwa katika mfupa wa taya la nyangumi. Wenye merikebu wamemtuma kutafuta mafuta. Walakini yeye moyoni mwake hatafuti mafuta. Atafuta nyangumi mmoja tu, ili amwue.

Merikebu ikiwa katikati ya bahari, Ahab awakusanya mabaharia wote. Apigilia sarafu ya dhahabu katika mlingoti, nayo itakuwa mali ya yule atakayemwona nyangumi mweupe kwanza. Awanywesha pombe. Awaapisha kwamba watamwinda mpaka afe. Nao wapiga kelele za furaha, watu ambao nyangumi yule hajawagusa hata ukucha. Angalieni jinsi jeraha la mtu mmoja lilivyopata kuwa kiapo cha watu wote kwa saa moja tu.

Huyu Ahab si mjinga. Akiulizwa kwa nini ajilipize kisasi kwa mnyama asiye na akili, ajibu kwamba vitu vyote vionekanavyo ni kama ukuta au kifuniko cha uso, na kwamba nyuma yake yuko mwenye kumdhuru kwa kusudi. Ikiwa nyangumi ndiye adui, au ikiwa ametumwa na adui, kwake ni mamoja, atampiga yeye. Ndugu zangu, maneno haya si mageni kwetu. Ndiyo maneno ya mtu atokaye kwa mpiga ramli. Ameambiwa kwamba homa si homa, na kwamba nyuma yake yuko mtu. Na kwa kuwa yule aliye nyuma haonekani, mkono huanguka juu ya aliye karibu naye asiye na nguvu: mama mkongwe akaaye peke yake kando ya kijiji, au mjane asiye na mtoto wa kumtetea.

Je, jeraha lampa mtu haki hiyo? Melville amejibu kwa kuweka nahodha wa pili mbele ya yule wa kwanza. Baharini Pequod yakutana na merikebu ya Kiingereza, na nahodha wake, Boomer, amekatwa mkono kwa sababu ya Moby Dick huyo huyo. Tazameni: nyangumi ni mmoja, na wote wawili wamepoteza kiungo. Lakini Boomer acheka pamoja na mganga wake, asema kwamba mkono mmoja watosha kupotea, na kwamba nyangumi yule afadhali aachwe aende zake. Basi kumbe si jeraha lililomfanya Ahab kuwa vile alivyo. Jeraha lilimpata, kisasi alikichagua.

Mwingine atasema, "Je, tusitafute asili ya mabaya yetu?" La, tuitafute sana. Mwizi akamatwe, apelekwe mbele ya hakimu, mashahidi wasikiwe. Mtoto mwenye homa apelekwe hospitali, damu yake ipimwe. Kutafuta asili ni kazi ya akili, na akili ni kipawa cha Mungu. Lakini atafutaye asili yu tayari kuambiwa, "Umekosea, sivyo ulivyodhani." Atafutaye uso wa kupiga hayuko tayari kuambiwa hivyo, kwa maana amekwisha kukata hukumu, na sasa ataka ushahidi tu.

Bwana wetu alikataa swali hilo mara mbili. Wanafunzi walipomwuliza juu ya kipofu tangu kuzaliwa, kwamba ni nani aliyetenda dhambi, hakuwapa jina la mtu. Alimponya yule kipofu (Yohana 9). Na habari ya watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu aliigeuza kuwa wito wa toba kwa wenye kumsikiliza (Luka 13). Tena mtazameni Ayubu. Yeye alikuwa na adui wenye jina, Waseba na Wakaldayo, waliochukua mifugo yake na kuwaua watumishi wake. Lakini hatusomi kwamba alikusanya watu na kuwafuatia. Shauri lake alilipeleka juu, kwa Mungu mwenyewe, kwa kilio kikubwa tena kwa maneno makali, na Mungu hakumtupa. Afadhali kumlilia Mungu kwa uchungu kuliko kumshitaki jirani kwa utulivu.

Hata sasa nimesema habari za nahodha. Nataka kusema na habari za mtu mwingine, kwa kuwa nadhani yeye atuhusu zaidi sisi walimu na wazee wa kanisa. Msaidizi wa kwanza wa Ahab aitwa Starbuck, mtu hodari, mcha Mungu, mwenye mke na mtoto mdogo nyumbani. Yeye peke yake alisema mbele ya wote kwamba kisasi juu ya mnyama ni wazimu na kufuru. Lakini mabaharia waliposhangilia, aliinamisha kichwa, akanong'ona sala. Baadaye, usiku mmoja, alisimama mlangoni pa nahodha aliyelala, bunduki mkononi, akawaza: nikimwua mmoja huyu, wote thelathini wataokoka na kurudi kwao. Akairudisha bunduki mahali pake. Kisha siku ya hatari akatii.

Je, alifanya vema? Kwamba hakuua mtu katika usingizi wake, nasema alifanya vema. Uovu haukomeshwi kwa uuaji wa siri. Lakini kati ya kumwua nahodha na kumtii iko njia ya tatu, nayo hakuifuata mpaka mwisho: kusimama mchana mbele ya watu wote, kusema, "Mimi na mikono yangu hatumo," na kurudia kusema mpaka wengine wapate moyo. Twaheshimu mamlaka, kama Paulo alivyowafundisha Warumi. Na Petro ametufundisha mbele ya baraza kwamba kumtii Mungu kwatangulia (Matendo 5:29). Mara ngapi mkutano wa kijiji umemtaja mtu kuwa mchawi, na mwalimu wa kanisa alikuwapo, akijua kwamba ni uongo, akarudi nyumbani kuomba? Sala ni njema. Lakini ikiwa yule mkongwe alikuwa ahitaji sauti yako pale pale, na wewe ukampa sala ya faraghani peke yake, umefuata njia ya Starbuck.

Ahab naye hakukosa mlango wa kurudi. Katika merikebu yake alikuwamo kijana mdogo, Pip, ambaye akili zake zilipotea baada ya kuachwa peke yake katikati ya bahari. Ahab alimhurumia, akamtia chumbani mwake, akamshika mkono. Kisha akamkataza asimfuate tena, kwa kuwa alitambua kwamba upole wa kijana yule wamponya kisasi chake, naye hakutaka kupona. Ndugu wa Korogwe, ninyi mwaijua Lutindi. Pale palianzishwa mwaka 1896 kwa ajili ya watoto waliokombolewa utumwani, kisha pakawa mahali pa kuwatunza wagonjwa wa akili. Kazi ya namna ile haianzi kwa kuuliza ni nani aliyemroga mgonjwa. Huanza kwa kumpa chakula, kitanda, dawa na mkono wa kushika. Mlango ambao Ahab aliufunga, huko ulifunguliwa.

Mara ya mwisho mlango ulifunguka hivi. Nahodha wa merikebu iitwayo Rachel alikuja akimsihi Ahab amsaidie kumtafuta mwanawe, aliyepotea na mashua siku iliyopita. Ahab alikataa; hakuwa na nafasi. Mwenye kisasi hana nafasi ya mtoto wa mwenzake.

Mwisho mwaweza kuukisia. Waliwinda siku tatu. Siku ya tatu Starbuck alipaza sauti kwamba nyangumi ageuka kwenda zake, wala hamtafuti Ahab. Ahab ndiye amtafutaye. Haikufaa kitu. Nyangumi aliipiga merikebu kwa kichwa chake, ikazama. Tena Ahab alirusha chusa, kamba ikakimbia, ikamnasa shingoni, ikamchukua chini. Watu wa Ngombezi na Magoma, mliozaliwa kati ya mashamba ya mkonge, mwajua nguvu ya kamba na jinsi isivyochagua shingo. Kamba ile hakuitupa nyangumi. Aliitupa Ahab.

Akaokoka mmoja tu, Ishmael, msimulizi wa hadithi, akielea juu ya jeneza alilojichongeshea rafiki yake Queequeg, mtu wa visiwa asiyekuwa Mkristo, ambalo lilikuwa limegeuzwa kuwa boya. Na merikebu iliyompata ni ile Rachel, iliyokuwa ingali ikizunguka kumtafuta mtoto wake. Nahodha mmoja alitafuta adui, akawapoteza wote. Mwingine alitafuta mwana, hakumpata, lakini akamwokoa mwana wa mtu mwingine.

Basi, wapenzi, msiba utakapoingia nyumbani mwetu, nao utaingia, tutakuwa watafutaji. Hakuna awezaye kukaa bila kutafuta. Tuangalie tu tunatafuta nini. Na wewe uliye mwalimu, siku mkutano utakapolitaja jina la mkongwe yule, usingoje ufike nyumbani ndipo upate sauti. Simama pale pale, ukakae karibu naye.