Joto la Peke Yangu



Sisi wa Nyanda za Juu Kusini hatuhitaji kalenda ili tujue kwamba Juni imefika. Asubuhi Njombe au Makete ukifungua mdomo mvuke unatoka kama moshi, na kule Kitulo kuna alfajiri ambazo umande unaganda juu ya majani. Ni majira ya kuvaa makoti mawili mawili. Siku hizi, kwenye Misa ya kwanza, kuna vijana wachache wanaokuja na kitu kipya: kizibao cha umeme. Kwa nje ni kizibao cha kawaida tu. Ndani ya kitambaa zimeshonewa nyaya nyembamba zinazopata moto, na mfukoni inakaa pawabenki, ileile ya kuchajia simu. Unabonyeza kitufe, na baada ya dakika chache mgongo unapata joto. Mablanketi ya namna hiyo yapo pia, na hata soksi.

Mimi ninacho kimoja, zawadi ya dada yangu. Juzi, baada ya rozari ya jumuiya, kijana mmoja akaniuliza nusu utani: "Kaka, ukija na hicho kitu kwenye kuabudu Ekaristi usiku, hiyo bado ni sadaka kweli? Sisi tunatetemeka, wewe uko Dar es Salaam!" Tulicheka wote. Lakini swali lake ni la kweli, na ninataka tulitafakari pamoja. Je, mkristo anaweza kujipasha joto kwa amani huku wengine wana baridi?

Tuanze na hili: baridi yenyewe si utakatifu. Wapo wanaodhani Mungu hufurahi akisikia meno yetu yanagongana. Hapana. Angalia tunavyofundishwa kuhusu kufunga. Ninajinyima chakula, na kile nilichojinyima kinakwenda kwa mwenye njaa. Hapo kufunga kunakuwa na mikono. Lakini nikitetemeka tu kanisani, kizibao kikiwa kimefungiwa kabatini nyumbani, kutetemeka kwangu kumempa nani joto? Ninaweza kumtolea Bwana usumbufu huo kwa sala, na ni vizuri. Ila nisijidanganye kwamba tayari nimempenda jirani.

Tena kifaa hiki kina mema yake, lazima tuseme. Wengi wetu tumekulia kwenye nyumba ambazo usiku wa baridi jiko la mkaa linaingizwa chumbani. Mkaa ukiwaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu, na mtu anaweza kulala asiamke tena. Kizibao hakina hatari hiyo. Halafu piga hesabu. Hita ya umeme ya chumba inaweza kula wati 1,500 au zaidi. Kizibao kinachotumia pawabenki kinakula kama wati 10 tu, na pawabenki ya 10,000 mAh inakiendesha takribani saa tatu, kwa sababu kinapasha mwili wako badala ya kupasha kuta. Katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, namba 211, Papa Fransisko anamtaja kwa sifa mtu ambaye ana uwezo wa kutumia zaidi lakini anapunguza hita na kuvaa nguo nzito. Fadhila ya kiasi, ambayo Katekisimu inaieleza katika namba 1809, haituambii tukatae vitu vizuri. Inatufundisha kuvitumia kwa mizani.

Basi shida iko wapi? Mimi naiona hapa: jiko linakusanya watu, kizibao hakikusanyi. Ukiwasha jiko, hata mgeni aliyepita tu anasogeza mikono. Bibi anapewa kigoda cha karibu, watoto wanabanana, hadithi zinaanza. Huwezi kuota moto wa jiko ukamzuia aliyekaa pembeni yako asipate joto. Kizibao kinampasha mvaaji peke yake. Aliyekaa benchi moja nami, bega kwa bega, hapati chochote. Na ubaya ni huu: mimi nikiwa na joto, nasahau upesi kwamba kuna baridi.

Petro alipita hapo. Usiku ule Yesu alipokamatwa kulikuwa na baridi, na watumishi walikuwa wamewasha moto wa makaa uani kwa kuhani mkuu. Yohane, sura ya 18, anatuambia kwamba Petro alisimama nao akiota moto. Anarudia jambo hilo mara mbili, kama vile hataki tulipite haraka. Ndani, Bwana anahojiwa na kupigwa kofi. Nje, Petro anapasha mikono na kusema hamjui. Je, kuota moto kulikuwa dhambi? Sidhani. Kwa maana katika sura ya 21, baada ya ufufuko, ni Yesu mwenyewe anayewaandalia wanafunzi moto wa makaa ufukweni, na samaki na mkate juu yake. Karibu na moto huo Petro anaulizwa mara tatu kama anampenda. Makaa ni yaleyale. Kwa kuhani mkuu Petro alikuwa anajilinda. Ufukweni alikuwa amekaribishwa, na kila alipojibu aliambiwa awalishe kondoo.

Sasa mtu atasema, "Sawa, nitagawana." Vizuri, lakini hapa kifaa chenyewe kinatuwekea mtihani. Mnamkumbuka Mtakatifu Martino wa Tours, tunayemwadhimisha tarehe 11 Novemba. Alikuwa askari wa Kirumi katika karne ya 4, bado mkatekumeni, hajabatizwa. Wakati wa baridi kali, kwenye lango la mji wa Amiens huko Ufaransa, alikutana na maskini asiye na nguo. Akachomoa upanga, akakata joho lake, akampa nusu. Usiku ule akamwona Kristo katika ndoto amevaa ile nusu. Hata neno letu "kapelani" linatokana na joho hilo, maana kwa Kilatini liliitwa vazi dogo, na mapadre waliolitunza wakapata jina kutoka hapo.

Martino aliweza kukata joho. Mimi nikikata kizibao cha umeme vipande viwili, tumebaki wawili wenye baridi! Hakigawanyiki. Kwa hiyo njia iliyobaki ni zamu, na zamu ni ngumu kuliko nusu. Katika nusu, mimi nabaki na kipande changu. Katika zamu, kuna saa ambayo sina kitu kabisa. Hapo ndipo yule kijana anapata jibu lake. Kwenye kuabudu usiku, saa ya kwanza nakivaa mimi, saa ya pili anavaa mzee aliye nyuma yangu, na saa hiyo kutetemeka kwangu kumekuwa sadaka, kwa sababu kuna mgongo wa mtu umepata joto.

Jamani, kuna jirani mwingine pia, wa mbali. Betri nyingi za pawabenki zina kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka Kongo, kwa ndugu zetu wanaozungumza Kiswahili kama sisi huko Kolwezi. Kuna wanaoichimba kwa mikono, na watoto wamekuwa miongoni mwao. Kifaa kilichopita kwenye mikono hiyo kisitupwe baada ya msimu mmoja. Kitunze, kitengeneze kikiharibika, usinunue kingine kwa sababu ya rangi.

Nini cha kufanya wiki hii? Tembelea nyumba moja katika jumuiya yako ambayo ina mzee au mgonjwa, ukaguse blanketi lake. Gusa kweli, uone ni jepesi kiasi gani. Yakobo, katika sura ya 2, anamkaripia anayemwambia mwenye uhitaji aende salama akaote moto, bila kumpa kitu. Kama mna uwezo, changeni mnunue blanketi zito, na kama kuna kifaa cha umeme kizungushwe kwa zamu. Ila kuweni waangalifu: msimwekee mtoto mchanga, wala mgonjwa ambaye miguu yake imekufa ganzi, maana anaweza kuungua bila kuhisi. Na asilale nacho kikiwa kimewashwa.

Mhubiri, sura ya 4, anauliza aliye peke yake atapataje joto. Aliuliza kabla ya umeme, na pawabenki haijamjibu.

Tusali: Bwana Yesu, uliyezaliwa usiku ukavikwa nguo za kitoto, asante kwa kila joto tunalolipata. Tufungue macho tumwone anayetetemeka pembeni yetu, na utupe moyo wa kuvua zamu yetu inapokwisha. Amina.